Namba 23 kwenye orodha ya wadai

Orodha ya wanaomdai mtu aliyefilisika ilikuwa ya kurasa mbili, na jina langu lilikuwa la 23. Juu yangu alikuwa muuza matairi, chini yangu kampuni ya bima. Kwenye safu ya kiasi kinachodaiwa palikuwa na tarakimu ninazozijua kwa kichwa. Kwenye safu ya dhamana paliandikwa neno moja tu, "Hakuna", na ndilo lililonichoma, maana mimi ni mhasibu. Huu ni mwaka wa 14 kazi yangu ni kuandika nani anamdai nani na kiasi gani, na miaka yote hiyo nimewasumbua watu wa mauzo wasitoe mzigo kwa mteja yeyote bila karatasi iliyosainiwa. Nikiwa sipo huniita Mama Karatasi. Nalijua hilo jina na sijawahi kuudhika nalo.

Na bado nilimkopesha mtu akiba ya miaka sita bila hata kipande cha karatasi.

Sitamtaja. Tulifanya kazi ofisi moja kabla hajaacha na kuingia kwenye usafirishaji wa mizigo. Aliniita dada, nikamwita kaka, na mkewe ni wifi yangu kwa mazoea ya miaka mingi. Alikuwa na malori mawili, moja limelala kwa ubovu wa injini, na alikuwa amepata kazi ya kutosha malori matatu. Mteja wake, alisema, alishaidhinisha malipo makubwa. Zimebaki taratibu tu, miezi mitatu haifiki. Mimi nilikuwa na fedha za kuezekea nyumba, mishahara yangu 11 ukiikusanya pamoja. Kuta zilishasimama. "Dada, hata mbao hujanunua," akaniambia. "Zitakuwa zimerudi kabla fundi hajapanda juu."

Nilizituma usiku uleule kwa simu. Programu ya benki ikaniuliza maelezo ya muamala. Nikaandika: Kila la heri kaka.

Nimewahi kukaa nikilitafakari neno lenyewe. Kukopa ni kitendo cha anayekopa. Anayetoa hana kitenzi chake. Amepewa mnyambuliko wa kusababisha. Kukopesha ni kumfanya mtu akope, kama kulisha ni kumfanya ale na kuogesha ni kumfanya aoge, kana kwamba wewe ndiye uliyeanza. Methali nazo zinamtazama mdaiwa: kukopa harusi kulipa matanga, dawa ya deni kulipa. Zote zinamwonya mkopaji au kumpa pole. Aliyetoa hadhaniwi kuwa na matanga yoyote. Anadhaniwa zilimzidi.

Kazini, rejesho likichelewa siku 90 mkopo tunauita chechefu. Ndicho kipimo ambacho mabenki mengi duniani hukitumia, na ukifika hapo hakuna cha kuoneana haya: unaitenga hasara vitabuni, unaandika barua, unaanza kufikiria dhamana. Mimi siku ya 90 nilimtumia kaka yangu salamu za kumtakia Jumapili njema. Siku ya 200 hivi bado nilikuwa naanza kila ujumbe kwa "pole na majukumu". Mdai ndiye anayeomba radhi. Nilikuwa naandika, nafuta, naandika tena, nikitafuta namna ya kuulizia fedha zangu bila kuonekana naulizia fedha.

Majibu yake mwanzoni yalikuwa marefu. Dada, nakimbizana na yule mteja. Dada, wiki ijayo Mungu akijalia. Deni lako nalikumbuka dada, usiku silali. Halafu yakafupika. Halafu zikabaki zile alama mbili za buluu, kaona, kanyamaza. Aliwahi kunirudishia kidogo mara mbili, kiasi ambacho ukikigawa kwa deni lote hakifiki moja ya kumi, na kila mara nilimshukuru kwa maneno mengi kuliko niliyoyatumia kumkopesha.

Kuna jambo sipendi kulisema lakini nitalisema. Nilianza kumchungulia. Kila picha aliyoweka mtandaoni niliipitia kama mkaguzi: kiatu hiki kipya? Saa hii alikuwa nayo zamani? Wifi alipoweka picha akiwa ameketi kwenye sofa ya ngozi nilikaa nayo nusu saa, nikiikuza kwa vidole viwili, nikikadiria bei yake na kuigawa kwenye mabati. Mwaka uliofuata nilikuja kujua sofa ni ya dada yake, picha ilipigwa ugenini. Wakati huo nilishamhukumu mwanamke ambaye hata hakujua mumewe amenikopa.

Siku nyingine nilimkuta kwenye foleni, yuko watu watano mbele yangu, hajaniona. Nikarudi kinyumenyume taratibu hadi mlangoni, nikatoka. Mimi ninayedai. Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa namkimbia nani, na karibu zaidi ninavyoweza kulieleza ni kwamba sikutaka kuushuhudia uso wake ukibadilika. Tulikuwa na miaka ya utani mle ofisini. Nilijua uso ule ukicheka unavyokuwa, na sikuwa tayari kuuona ukinipangia uongo.

Nyumba nayo ikawa inangoja. Kuta zisizo na paa zilipigwa na mvua misimu miwili, sebuleni pakaota nyasi hadi magotini, na fundi alipokuja kukagua aligonga kozi za juu kwa kiganja tu, mchanga ukamwagika. Akasema kozi tatu zitolewe zijengwe upya. Hiyo hasara haimo kwenye ile orodha ya kurasa mbili, na haiwezi kuwamo, kwa sababu mfilisi, yaani msimamizi wa mali ya aliyefilisika, anauliza ulitoa kiasi gani, haulizi fedha hizo zilikuwa zifanye nini. Mwisho nikakopa kwenye chama cha akiba na mikopo cha kazini ili nisimamishe uharibifu. Kwa hiyo nilikuwa nalipa riba ya kweli, inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi, ili kuziba pengo la mkopo niliotoa mimi bila riba.

Baba watoto nilimwambia fedha ziko benki kwenye akaunti ya muda maalumu. Huo uongo niliubeba miezi 14. Alikuja kuujua siku alipofungua bahasha kutoka kwa mfilisi akidhani ni barua ya ardhi. Hakupiga kelele. Alikaa nayo mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa 23 na kuniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza maana ya neno gumu: "Hii 'Hakuna' maana yake nini?"

Nilijua habari za ufilisi kwa upande wa kampuni. Kwa upande wa mtu aliyekopesha kutoka mfukoni sikuwa najua lolote, na usiku ule nilianza kusoma. Hata neno lenyewe nililitafuta. Mufilisi limetoka kwenye Kiarabu, mzizi uleule wa fulusi, zile sarafu ndogo. Ni mtu ambaye dhahabu na fedha zimemwisha akabaki na vijisenti. Sikucheka, ila nilitabasamu kidogo, kwa sababu nilikuwa najiuliza kati yetu wawili nani anaelezwa hapo.

La kwanza kunishtua ni kwamba sikuruhusiwa tena kumdai. Amri ya ufilisi ikishatolewa, wadai husimamishwa. Mali yote inaingia mikononi mwa mfilisi, na wewe unapaswa kupeleka madai yako huko, kwa fomu, kabla ya tarehe iliyowekwa. Mantiki yake naielewa, asije mwenye nguvu akanyakua peke yake. Lakini kwa mtu ambaye kwa miaka karibu mitatu ameandika ujumbe na kuufuta, kuambiwa sasa usiandike kabisa ni kama kufungiwa mlango uliokuwa unaogopa kuugonga.

Niliijaza fomu vizuri, kama ilivyotarajiwa kwa mtu wa kazi yangu. Niliambatisha taarifa ya benki. Siku mbili baadaye karani akanipigia, kijana mpole sana.

"Mama, samahani. Huu muamala maelezo yake yanasema 'Kila la heri kaka'."

"Ndiyo."

"Ulikuwa mkopo au zawadi?"

Nilikaa kimya kiasi kwamba akaniuliza kama nipo. Hebu jiweke mahali pake: fedha nyingi zimetoka kwa mtu anayemwita mwenzake kaka, hakuna mkataba, hakuna tarehe ya kurejesha, hakuna riba, na maneno pekee yaliyoandikwa ni ya kumtakia heri. Kwa karatasi, nilikuwa dada mkarimu. Kilichoniokoa ni ule ujumbe wa "deni lako nalikumbuka". Nilitembeza kidole kwenye simu hadi nikaupata, nikaupiga picha pamoja na tarehe, nikautuma. Neno "deni" alikuwa amelitamka yeye mwenyewe. Laiti angeandika "nakukumbuka" tu, nisingekuwa hata namba 23.

Nilipokuwa nasoma nikagundua kwamba kukiri kwa maandishi kuna uzito kuliko nilivyodhani, hata nje ya ufilisi. Deni huwa na umri. England na Wales, kwa mfano, deni la mkataba wa kawaida hufikia ukomo wa kudaiwa mahakamani baada ya miaka 6, lakini mdaiwa akilikiri kwa maandishi yenye saini au akalipa sehemu yake kabla muda haujaisha, saa inaanza upya. Watu wengi niliowasimulia habari hii hawajui kwamba ukimya wetu wa heshima, huku kungoja kwa staha, ndiko kunakolizeesha deni.

Mkutano wa wadai ulifanyika kwenye chumba chenye viti vingi kuliko watu. Mwakilishi wa benki alikuwa kijana mwenye kishikwambi, akasikiliza dakika kumi, akaaga. Hakuwa na haja ya kukaa. Malori yalikuwa dhamana yake, na mwenye dhamana huchukua kitu chake nje ya foleni. Sisi tuliobaki tulielezwa mpangilio: gharama za ufilisi wenyewe zinatoka mapema, mishahara ya wafanyakazi na baadhi ya kodi vinatangulia, kisha kinachobaki kinagawanywa kwa uwiano wa kila mtu anachodai. Madereva wake wawili walikuwa mbele yetu na hilo sikulipinga. Nchi hutofautiana katika huo mpangilio, lakini kokote nilikosoma sijaona mahali ambapo rafiki anatangulia.

Na kuna dogo moja ambalo hata mimi mhasibu lilinikaba. Malori yakiuzwa kwa bei isiyotosha deni la benki, ile sehemu iliyopungua inarudi na kupanga foleni pamoja nasi. Na kwa kuwa mgao ni kwa uwiano, mwenye deni kubwa anachukua sehemu kubwa. Yule kijana wa kishikwambi alikuwa ameondoka, lakini kiti chake kilibaki.

Ndipo nikaelewa tofauti yangu na benki, ambayo ningepaswa kuielewa kabla. Benki hukopesha watu maelfu, riba ya wanaolipa inabeba hasara ya wasiolipa, na hasara yenyewe ilishatengwa vitabuni kabla haijatokea. Mimi nilikuwa benki yenye mteja mmoja. Alipoanguka yeye, matawi yangu yote yalifungwa siku hiyohiyo.

Nje kwenye korido nilikuta mzee ameegemea fimbo, nikamsalimu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Na wewe umo?"

"Nimo, mzee."

"Mimi nilikuwa nimelipwa," akasema, na akatikisa kichwa kama mtu anayejicheka. Alikuwa mjomba wake. Miezi minne kabla ya ufilisi mpwa alimlipa mjomba deni lake lote, akaona ametenda la utu: wengine ngojeni, mjomba ni mzee. Sasa mfilisi alikuwa amemwandikia azirudishe. Sheria haipendi mdaiwa anayezama achague nani wa kuokoa. Nchini Marekani mfilisi anaweza kudai malipo ya namna hiyo yaliyofanywa ndani ya siku 90 kabla ya ufilisi, na kwa ndugu kipindi kinarefuka hadi mwaka mzima. England ni miezi 6, na miaka 2 kwa ndugu na watu wa karibu. Yaani ukaribu wenu ndio unaokufanya utazamwe kwa jicho kali zaidi. Mzee fedha zilishamtoka, alishajitibia macho. "Waje wayachukue haya macho," akasema. Tulicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya.

Kwenye foleni ile hakuna aliyeumia kuliko yule mzee. Mimi nilipoteza matumaini ya kulipwa. Yeye alilipwa, akatumia, kisha akageuzwa kuwa mdaiwa.

Tumaini langu la mwisho lilikuwa lile neno kwamba mteja alishaidhinisha malipo. Haikuwa kweli, mteja hakuwa ameidhinisha chochote. Nilikuwa nimesoma kwamba sehemu nyingi deni lililopatikana kwa udanganyifu halifutwi na ufilisi, nikamwendea mwanasheria nikiwa na moyo. Akaniuliza alikwambia wapi. Nikasema barazani kwangu. Aliandika? Hakuandika. Akanisimulia kesi ya Marekani iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2018. Mtu mmoja alikuwa anadaiwa ada, akawaambia waliomdai kwa mdomo kwamba anangoja kurejeshewa kodi, kama dola 100,000, atalipa zote. Zilizokuja hazikufika 60,000, akaziingiza kwenye biashara yake na kuendelea kusema bado hazijaja. Akafilisika. Mahakama ikasema maneno ya mtu kuhusu hali yake ya kifedha, hata yakihusu mali moja tu, yanazuia deni lisifutwe pale tu yanapokuwa kwa maandishi. Yalikuwa ya mdomo, deni likafutika. "Na unajua waliokuwa wakimdai ni akina nani?" akaniuliza. "Ofisi ya mawakili." Huko si kwetu, akasema, lakini hata hapa ukitaka kuthibitisha udanganyifu wa barazani, jiandae kutumia kingi kuliko unachodai.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa msikitini, aliponisikia alinikumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ya kuandikiana deni, tena na mashahidi. Nikamwambia, lakini aya mbili kabla ya hiyo si ndiyo inayosema mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda? Akasema ndiyo, zote ziko sura moja. Mimi nilikuwa nimeishika ile ya kusubiri nikairuka ile ya kuandika, na sidhani ilikuwa kwa wema. Kuomba saini kungemaanisha kukubali kwamba kuna uwezekano asinilipe, na nilitaka aondoke barazani kwangu akijua simshuku.

Sichukii sheria ya kufuta madeni. Zamani mdaiwa alifungwa gerezani. England iliachana na sehemu kubwa ya mtindo huo kwa sheria ya mwaka 1869, na sioni jinsi kaka yangu angenilipa akiwa ndani. Nilichoona tu ni kwamba siku yeye alipofutiwa, hakuna aliyenifutia mimi. Mkopo wangu wa chama cha akiba uliendelea kukatwa kwenye mshahara, tarehe ileile, mwezi hata mwezi.

Miezi 19 baada ya ule mkutano gawio lilifika: 5 kwa kila 100. Lilitosha kumlipa yule mwanasheria, na kilichobaki kikaingia kwenye nauli. Nyumba tuliiezeka mwaka uliofuata, baba watoto akitoa nusu bila kuulizwa. Hajawahi kulitaja lile jambo. Ila siku hizi nikisema nimeweka fedha benki, hunyamaza sekunde moja kabla ya kusema sawa.

Kaka alipata kazi ya kuajiriwa. Hatujaonana ana kwa ana. Wiki sita zilizopita simu yangu ililia usiku, nimeingiziwa kiasi kidogo, labda mshahara wa siku mbili. Ametuma yeye. Hadaiwi tena, kisheria hanidai wala simdai, hana sababu ya kunitumia hata senti. Kwenye maelezo ya muamala hakuandika kitu.

Nilifungua daftari langu nikaandika tarehe na kiasi, halafu nikakwama kwenye safu ya tatu. Marejesho hayawezi kuwa, kwa kuwa hakuna deni. Nilimkumbuka yule karani mpole. Mpaka leo safu ile iko tupu, na fedha ziko palepale kwenye simu, sijazigusa.